Kitabu cha Msomaji Mmoja

Jumatatu Vedasto alifika mtaa wa Mtendeni kabla chumba cha kusomea hakijafunguliwa. Akaegemeza baiskeli ukutani, akangoja. Siku saba zilikuwa zimekwisha jana, na alikuwa amezihesabu moja moja kama mfungwa.

Recheli, karani wa chumba, alipokuja na funguo hakumtazama usoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nimekuja kukichukua kitabu kile."

"Leo sitaweza kukupa, mzee. Kimo kwenye orodha, na kamati imeshavikusanya vitabu vyake."

"Orodha gani tena?"

Recheli akamsogezea karatasi juu ya meza. Vitabu mia na kumi na vinne vya kuondolewa, na chini yake sahihi ya Octavian, mwenyekiti wa kamati, kubwa kama imechorwa kwa jembe. Kitabu cha Vedasto kilikuwa namba sitini na mbili. Mbele yake wameandika: msomaji mmoja tu kwa miaka mitatu.

"Huyo mmoja si ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, mzee."

"Basi kina msomaji!"

"Wanataka kuanzia wawili. Si mimi niliyeandika, mzee wangu."

Hilo Vedasto alilijua. Anayeandika amri haonekani siku ya kuisoma. Humwachia mtoto wa watu akae nayo mezani apokee matusi.

Chumba chenyewe kilikuwa ghala la vitambaa la mzee Hasnain, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na duka hapo mbele. Uzeeni alitoa majora yake ya khanga, akaweka rafu na vitabu, akasema mwenye macho aje asome. Sheria yake ilikuwa moja. Kitabu kikirudishwa, kilale rafuni siku saba kabla ya mtu yule yule kukichukua tena, ili na mwingine apate. Basi. Hasnain alipofariki ikaundwa kamati, na mambo yakawa kama yanavyokuwa siku zote: waliokuwa wakisoma wakabaki kwenye mabenchi, na wasiosoma wakakaa kwenye viti.

Kitabu hicho kilikuwa hakina jalada. Jalada liling'oka zamani, jina la mwandishi likaenda nalo, na watu walikiita kitabu cha mpagazi. Ni hadithi ya Mihambo, kijana wa Unyanyembe anayejitwika pembe za ndovu na msafara kwenda pwani. Anamwachia mke wake, Nyamizi, ahadi ya kurudi kabla ya mavuno ya pili. Anarudi baada ya miaka minne. Ni hayo tu. Ukimsimulia mtu barabarani unamaliza kabla hamjafika kona.

Vedasto aliishia darasa la nne, na alisoma kwa kidole. Mara ya kwanza alikisoma kama mwenye njaa anavyokula ugali, hakujua ladha, alijua kushiba. Alitaka tu kujua kama Mihambo atakufa kwa kiu kule Mgunda Mkali, nyika isiyo na maji. Mara ya pili alishajua kwamba hafi, kwa hiyo hakuwa na haraka, na hapo ndipo alipoanza kuona. Aliona wapagazi wanavyoegemeza mzigo kwenye panda ya mti ili wasiinue tena kutoka chini. Aliona kwamba kiongozi wa msafara huimba wimbo vibaya kwa makusudi, wenzake wacheke, wasahau miguu. Mara ya tano alimchukia Mihambo kabisa. Mara ya kumi alimwonea huruma mpishi mmoja asiye na jina, anayetokea katika mistari sita tu, anapika, anaugua, anaachwa njiani. Mara tisa Vedasto alikuwa amempita yule mpishi kama msafara wenyewe ulivyompita. Alipogundua hilo aliweka kitabu chini akatoka nje kidogo.

Na kila kiangazi alimsomea mke wake. Katarina alimenya karanga, yeye akasoma. Ilifika mahali Katarina akawa anaanza kucheka mistari mitatu kabla ya kichekesho kufika, na kichekesho kilipofika walikuwa wote hawana mbavu. Nani atakupa raha hiyo kwa kitabu kipya?

Katarina alifariki wiki ya Pasaka, miaka mitatu iliyopita. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Dereva alikuwepo. Mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina. Vedasto hakusamehe, na hakuna aliyekuja kumwomba asamehe.

Tangu hapo kitabu kikawa chake peke yake, naye akaanza kukionea wivu. Zile siku saba za rafu zilimtesa. Je, akija mtu akakichukua? Akikipoteza? Akikimwagia chai? Basi, akikirudisha, Recheli akigeuka, anakisukuma nyuma ya taarifa za tumbaku, yale majuzuu mekundu manene ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyafungua. Siku ya nane anakitoa mwenyewe. Kilikuwa salama kama maiti. Hakuwaza kwamba kila anapokificha anakiondolea wasomaji, na kwamba kuna siku mkubwa mmoja atakuja na kalamu kuwahesabu.

"Hujamaliza tu, mzee Vedasto?"

Octavian alikuwa ameingia. Alikuwa afisa elimu kabla ya kustaafu, na mpaka leo alitembea kama anakagua paredi.

"Nilimaliza, mwenyekiti. Mara arobaini na moja."

"Arobaini na moja! Recheli, umesikia? Mwenzetu kakwama kwenye tope." Akavuta kiti. "Mimi kitabu nikishakisoma nimekisoma. Mwisho unaujua, unarudia nini? Ni sawa na mtu anayekwenda uwanjani kuangalia mechi ya jana."

"Na wewe, mwenyekiti, ulisoma lini mara ya mwisho?"

Recheli akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Octavian akaacha kutabasamu.

"Kitachanwa wiki hii," akasema. "Tunahitaji nafasi, tunaletewa kompyuta."

"Nipeni mimi, kuliko kukichana."

"Mali ya umma haigawiwi. Ikigawiwa ni wizi."

"Na ikichanwa?"

"Ikichanwa ni utaratibu."

Vedasto akashika ukingo wa meza. Mwenyekiti akamwangalia alivyong'ang'ania pale, na ilionekana wazi kwamba imemfurahisha.

"Haya, nisije nikaitwa katili. Kamati inakaa Jumatano saa nne. Niletee mwanachama mmoja, mmoja tu, aliyewahi kukisoma, aje aseme mbele yetu kwamba anakitaka. Nikisikia hivyo nakifuta kwenye orodha. Lakini nitamhoji kilichomo. Usiniletee jirani uliyemfundisha njiani."

Alipotoka, Recheli akafungua daftari la zamani, akashuka na kidole ukurasa kwa ukurasa. Vedasto, Vedasto, Vedasto. Miaka kumi nyuma akakuta jina jingine.

"Agnetha. Yule mama wa asali, wa Cheyo. Huyu hapa, mzee! Tena kadi yake bado hai."

Recheli alifurahi. Vedasto akageuka akaangalia zile taarifa za tumbaku.

Mwezi wa nane wa mwaka ule aliofariki Katarina, Agnetha alikuja chumbani akiwa na haraka. Mama yake, bibi Martha, alikuwa amepofuka na alikuwa anakwenda taratibu. Zamani Agnetha alimsomea kitabu cha mpagazi, na sasa bibi alitaka asomewe tena kabla hajaondoka. Recheli alitafuta hakukiona. Agnetha akamgeukia Vedasto kwenye benchi. "Baba Shukrani, wewe ndiye mwenyeji wa kitabu kile. Kiko wapi?" Naye akajibu bila kupepesa macho, kwa sauti ndogo Recheli asisikie, "Mchwa, Mama Damas. Mchwa wamekimaliza." Wiki iliyofuata Agnetha akarudi kumwuliza yeye tena kama kuna nakala nyingine. Mwezi wa tisa bibi Martha akazikwa. Vedasto alikwenda mazishini, akatupa udongo, akala ubwabwa.

Lakini sasa afanyeje? Jumanne asubuhi akapanda baiskeli, akaenda Cheyo.

Agnetha alikuwa uani anakamua masega ya asali yaliyoletwa kwa baiskeli kutoka Sikonge. Mikono ilikuwa imezama mpaka viwikoni.

"Hodi, Mama Damas."

"Karibu, Baba Shukrani. Simama hapo hapo, nyuki wasije wakakupenda."

Akamweleza habari za kamati, orodha, mwenyekiti, Jumatano. Alieleza haraka haraka, na alimtukana Octavian sana, akidhani matusi hayo yatawaweka upande mmoja. Agnetha aliendelea kukamua.

"Kitabu kipi hicho?"

"Cha mpagazi."

"Kile kilicholiwa na mchwa."

Vedasto akaifuta kengele ya baiskeli kwa kidole gumba.

"Walikitapika?"

"Nilikificha, Mama Damas."

"Wapi?"

"Nyuma ya taarifa za tumbaku."

"Na siku ile wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Kwenye benchi."

"Benchi lipi?"

"La mbele ya… la mbele yake."

"Kwa hiyo kilikuwa mgongoni kwako. Ningenyoosha mkono ningekigusa."

"Nilikuwa na mgonjwa, mama. Katarina alikuwa anakipenda sana, na hali yake…"

"Katarina tulimzika Pasaka. Mimi nilikuja mwezi wa nane."

Miaka mitatu Vedasto alikuwa amejiambia kwamba alifanya vile kwa ajili ya Katarina. Alijiambia mpaka ikawa kweli, na alikuwa hajawahi kukaa akahesabu miezi. Sasa ilihesabiwa mbele yake na mwanamke mwenye nta kwenye kucha.

Agnetha hakupandisha sauti. "Mama akaniambia basi nisimulie kwa kichwa. Nikajaribu. Akasema hapana, hivyo sivyo. Nikaanza upya. Nikifika pale wanapovuka mto ananikatiza, hivyo sivyo, Agnetha, hivyo sivyo. Wewe unajua kilivyokuwa kinaanza pale pa mto?"

Vedasto alijua. Alilijua kila neno la pale pa mto.

"Amekufa ananiambia hivyo sivyo. Mimi mwanawe."

"Nisamehe, Mama Damas."

"Jumatano saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitakuja."

Vedasto hakuamini. Alimshukuru kwa mikono miwili, akageuza baiskeli, na kabla hajatoka kwenye mitaa ya Cheyo alikuwa anapiga mluzi. Mtu wa namna yake, aliyedhulumiwa na wakubwa maisha yake yote, huwa hafikirii kabisa kwamba na yeye aliwahi kuwa mkubwa wa mtu, hata kama ni kwa kitabu kimoja na siku saba tu. Alilala usingizi mzuri.

Jumatano kamati ilikaa, wajumbe wanne na soda nne. Kitabu kilikuwa mezani mbele ya Octavian, kidogo, kimechakaa, kimekunjika pembe. Vedasto aliambiwa akae ukutani na asiseme neno. Agnetha aliingia amevaa kitenge kilichopigwa pasi, akaketi wima.

"Haya, mama," Octavian akasema. "Tusimulie. Humu kuna nini?"

Agnetha akasimulia. Hakusimulia kama msomi, alisimulia kama mtu anayekumbuka safari yake mwenyewe. Wajumbe waliacha soda. Alipofika kwa kiongozi wa msafara na wimbo wake mbovu mmoja akacheka, na Vedasto pale ukutani alikuwa ameshaanza kucheka mistari mitatu kabla.

"Lakini pazuri kuliko pote ni mwisho," Agnetha akasema. "Mihambo anafika kwake. Anasimama uani na kiu yake ya miaka minne. Mke wake anamletea maji. Wengi wakisoma pale wanasema, loo, mwanamke kamngoja. Hawakuangalia juu."

"Juu wapi?" Octavian akauliza, na alikuwa ameegemea meza.

"Kwenye paa. Imeandikwa pale, kabla tu ya maji: paa lilikuwa limeezekwa upya. Sasa niambie, mwenyekiti. Huku kwetu mwanamke anapanda kuezeka? Nani alipanda juu ya nyumba ile? Mwandishi hasemi. Mihambo anakunywa, anatazama juu, anarudisha kata. Haulizi."

Mjumbe mmoja akatazama dari.

"Hakuna hiyo!" Vedasto akasimama. "Hakuna mahali palipoandikwa hivyo!"

"Kaa chini, mzee."

"Nimekisoma mara arobaini na moja, hakuna paa! Hebu nione, nione hapo mwisho tu…"

Akanyoosha mkono. Octavian akaweka kiganja juu ya kitabu.

"Bado ni mali ya kamati. Kaa." Akamgeukia Agnetha, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayetaka kusoma kitu. "Umefaulu, mama. Tena umefaulu sana. Imebaki neno moja la kuandika kwenye muhtasari. Unakitaka kitabu hiki?"

Agnetha akamtazama Vedasto. Tangu aingie alikuwa hajamtazama.

"Hapana."

"Hapana?"

"Nilikitaka mwaka ule, mwezi wa nane. Aliyekuwa anakihitaji ni mama yangu. Sasa sina nacho kazi."

Akasimama, akaaga wajumbe mmoja mmoja kwa heshima zote, akatoka.

Octavian aliweza kukifuta kwenye orodha hata hivyo. Ni kalamu yake. Alikaa kidogo, akakigeuza geuza kitabu, na huenda mtu asiyemjua angedhani atafungua. Kisha akacheka puani, akapiga muhuri. Watu hawa wakishatia sahihi hawawezi kurudi nyuma, wanaogopa karatasi zao wenyewe.

"Kichomwe na vingine," akamwambia Recheli. "Tukivitupa vimechanwa wataviokota."

Nyuma ya jengo moto ulikuwa umeshawashwa. Recheli alibeba vitabu kwa beseni, huku analia bila sauti, akivitupa kimoja kimoja. Vedasto alimfuata Octavian mpaka pale.

"Mwenyekiti, sikiombi tena. Naomba ukurasa mmoja. Nishikie wewe mwenyewe mkononi mwako, mimi nitazame tu. Ule wa mwisho na ule wa kabla yake."

"Kwani mara arobaini na moja hazikutosha, mzee?"

Na akakichukua kutoka kwenye beseni akakirusha mwenyewe. Karatasi kavu ya miaka mingi haina ubishi. Vedasto aliona kurasa zinajifungua zenyewe kwa joto, moja baada ya nyingine, kama mtu anazipekua kutafuta mahali. Aliinama mpaka nyusi zikaungua. Hakuwahi kusoma neno.

Alhamisi mchana alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake, akafumba macho, akaanza mwanzo. Kitabu kilikuwemo chote kichwani. Wapagazi wanafunga mizigo, mpishi anaachwa njiani, pwani, magonjwa, kurudi. Alikwenda vizuri mpaka Mihambo anafika penye ua wa nyumba yake. Anashika mti wa mlango wa ua. Halafu Nyamizi anakuja na maji.

Katikati hapo palikuwa na kitu, si patupu. Alirudi nyuma, akaja tena. Mti wa mlango, kisha maji. Akarudi tena. Na mara ya tatu hiyo akasikia sauti ya Katarina, karanga mapajani, haicheki: "Ruka hapo, baba. Nenda penye maji."

Alikuwa akimwambia hivyo kila kiangazi. Naye alidhani amechoka anataka mwisho, kwa hiyo aliruka. Aliruka miaka na miaka, mpaka kidole kikazoea njia, kikawa kinaruka chenyewe hata alipokuwa anasoma peke yake. Sasa hakujua alikuwa anaruka mistari mingapi. Hakujua aliruka nini.

Walipooana, alikwenda Sikonge kwenye tumbaku misimu miwili bila kurudi, na Katarina alibaki Cheyo kwenye nyumba ya nyasi. Vedasto alikaa pale kitini akijaribu kukumbuka siku aliyorudi. Alikumbuka uji. Alikumbuka gauni. Alijaribu kuangalia juu, na kila alipoangalia paa lilikuwa na nyasi mpya, jinsi alivyoogopa. Kisha likawa vingine. Kisha likarudi tena.

Ijumaa asubuhi alikuwa kwa Agnetha kabla wateja hawajajaa.

"Mama Damas, sikuja kugombana. Niambie kitu kimoja tu. Lile paa limeandikwa, au ulilitunga pale pale?"

Agnetha alikuwa anafunga ndoo. Alimtazama vizuri, nyusi zilizoungua, shati la jana.

"Mimi nilikisoma mara moja tu, Baba Shukrani, tena zamani. Wewe ndiye msomaji."

"Nakuomba. Kwa jina la mama yako."

"Mama yangu usimtaje."

Akakandamiza kifuniko, akakigonga kwa ngumi kuzunguka ndoo nzima mpaka kikakaa. Kisha akanyoosha shingo kumpita Vedasto begani, akamwuliza mteja wa nyuma anataka lita ngapi.